Basi la Kumchukua Mama

Dada yangu hakujaliwa mtoto, amejaliwa maboksi. Yako chini ya kitanda chake, juu ya kabati, nyuma ya mlango wa bafu, na siku moja nilifunua sufuria kubwa nikakuta makopo matupu ya maziwa yamejipanga humo kwa raha zao. Mtaani wanamwita Mama Maboksi, wala hachukii. Mimi mdogo wake ni fundi cherehani, tunaishi nyumba moja, na sijawahi kutupa hata kipande cha kitambaa bila kusikia sauti yake kutoka chumba cha pili: "Hicho unakipeleka wapi, mdogo wangu?"

Hakipelekwi popote. Kinakwenda kwake, na kutoka kwake kinakwenda shuleni.

Anafundisha chekechea. Darasa lake ni chumba cha mwisho kwenye korido, chenye meza fupi ambazo mtu mzima akikaa magoti yanakaribia kumgusa kidevu. Chumba kinanukia gundi na rangi za maji, na siku nyingine, tuseme ukweli, mkojo. Karibu na dirisha kuna kona aliyoitenga kwa ajili ya maigizo. Humo maboksi yanakuwa duka, hospitali, saluni, kituo cha polisi, chochote watoto walichoamka nacho siku hiyo.

Kuhusu ile kona dada ni mkaidi wa kupindukia. Mwalimu haanzishi mchezo, anasema, na mwalimu hakatai nafasi anayopewa na watoto. Basi amewahi kuwa mgonjwa wa kudungwa sindano kwa kijiti, mbuzi aliyegoma kula, na mteja wa saluni asiye na adabu. Siku moja walimpa nafasi ya kuwa mlango. Alisimama wima mpaka kengele ikalia, watoto wakimsukuma tumbo ili wapite. Mkuu wa shule alichungulia akamuuliza jambo, dada akamtolea macho tu bila kujibu, kwa sababu milango haisemi. Aliponisimulia nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mkuu wa shule hakucheka. Kwake yeye, mtoto anayejifunza ni mtoto aliyeinamia daftari. Kila kikao cha walimu alimrudia dada kwa maneno yale yale, kwamba wazazi wanataka kuona herufi, hawataki kuona maboksi. Dada alimjibu kwamba mtoto mdogo ana mambo mengi asiyoweza kuyasema, na asipoweza kuyasema atayacheza, na akishayacheza ndipo atayasema. Mkuu aliitikia kwa heshima zote, kisha akauliza herufi zitaanza lini.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wa miaka mitano ambaye nitamwita Dereva, kwa kuwa ndilo jina alilojipa mwenyewe. Baba yake ni fundi wa friji. Alikuwa amemletea dada boksi kubwa la friji, na siku hiyo hiyo binti yake akalikalia na kulitangaza kuwa basi. Usukani ulikuwa kifuniko cha ndoo, na nyuma vilipangwa viti vya abiria. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuendesha. Alikuwa na mdomo, mtoto yule. Abiria akipandisha miguu alimgeukia: "Wewe, shusha miguu, hapa siyo kitandani kwenu." Konda wake alikuwa mvulana wa mafua yasiyokwisha, mtiifu kupita kiasi.

Halafu mama yake Dereva akaingia hospitali kwa upasuaji ambao kila mtu alisema ni mdogo, akafa.

Mtoto hakuambiwa. Baada ya mazishi, kabla hajarudishwa darasani, baba yake alikuja shuleni pamoja na dada yake, yaani shangazi wa mtoto, na huyo shangazi ndiye aliyekuwa msemaji.

"Mwalimu, tumemwambia mama yake amesafiri," alisema. "Tunaomba na nyinyi hapa mseme hivyo hivyo."

"Amesafiri mpaka lini, Shangazi?"

"Mpaka akue kidogo. Mtoto wa umri ule utambebesha mzigo kama huu?"

Baba mtu alisimama nyuma, anakwangua rangi ya mlango kwa ukucha. Dada alimtazama yeye, akingoja aseme lolote. Hakuinua uso. Mwishowe dada akakubali.

Nilipoambiwa nilipandwa na hasira. Nilimwambia dada angekataa, uongo wa namna ile huoza ndani ya nyumba na mtoto ndiye anayenusa wa kwanza. Akaniuliza, "Nikatae kama nani?" Swali hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Mtoto ni wao na msiba ni wao. Mwalimu anaazimwa mtoto asubuhi, mchana anamrudisha.

Dereva aliporudi shuleni basi lilibadili njia. Zamani lilikwenda sokoni, mbugani, hata mwezini. Sasa lilikwenda mahali pamoja tu. "Tunaenda kumchukua mama," alitangaza kila asubuhi, na konda akarudia kwa sauti yake ya puani. Basi lilipita kwenye mashimo, likapanda mlima, likafika kituoni, yaani mlangoni mwa darasa. Dereva alishuka, akautazama mlango, kisha akawageukia abiria. "Bado hajafika. Tutakuja kesho." Abiria walianza kuchoka. Mmoja aliomba ashushwe njiani kwa sababu ana kikao.

Dada aliacha kuniletea visa vya ile kona. Alikaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, chai ikapoa mbele yake.

"Anajua," aliniambia siku moja.

"Amejuaje?"

"Mtoto asiyejua angeuliza mama amesafiri kwenda wapi. Huyu hajauliza hata mara moja."

"Basi mwambie baba yake."

"Nimemwambia. Anasema bado kidogo."

Mimi nilikuwepo siku yenyewe, ndiyo maana nasimulia. Nilikuwa nimeshona kofia ya udereva kutokana na suruali iliyoharibika, nikaipeleka shuleni, dada akanikalisha kwenye kiti kifupi pembeni nitazame. Dereva aliipokea kofia bila asante, akaikagua mshono kwa mshono, akaivaa. Nikadhani sasa atapanda basi. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa dada.

"Leo mama amefika," alisema. "Mwalimu, wewe ni mama."

Dada alikuwa na kalamu ya rangi mkononi. Aliiweka mezani polepole. Angeweza kusema yeye leo ni abiria, au anaumwa kichwa. Mwalimu mwingine yeyote angesema hivyo na mambo yakaisha.

"Sawa," alisema. "Nisimame wapi?"

"Pale kituoni. Lakini subiri." Dereva alichagua kitambaa kutoka kwenye sanduku la mavazi, akamwinamisha dada, akamfunga kichwani. Hakuridhika. Akakifungua, akakifunga upya, fundo likiwa nyuma ya sikio la kushoto. "Mama anafunga hivi."

Basi likaondoka. Likapita mashimo, likapanda mlima, abiria mmoja akatapika kama ilivyokuwa desturi yake. Lilipofika, Dereva akashuka. Mimi nilitegemea atakimbia amkumbatie, na machozi yalikuwa yameshanijaa. Hakukimbia. Alisimama mbele ya dada, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

Dada alinitupia jicho mara moja. "Nilisafiri, mwanangu."

"Viatu vyako viko chini ya kitanda. Vyote."

Dada aligusa fundo la kitambaa.

"Na simu yako anayo shangazi. Na watu walikuja nyumbani wengi, wakawa wanalia, mimi nikapelekwa kwa jirani kuangalia katuni."

Abiria wote walikuwa wamegeuza shingo kumtazama mwalimu. Hata konda hakuvuta kamasi.

"Cheza vizuri, Mwalimu," Dereva alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, siyo ya udereva tena. "Wewe ni mama. Mama hanidanganyi. Ulikuwa wapi?"

Nataka ieleweke vizuri mtoto yule alikuwa amefanya nini. Ameshapigwa chenga na kila mtu mzima nyumbani kwao, akaamua kujitafutia pa kuambiwa ukweli. Ametengeneza kituo, amengoja, amemchagua mtu wa kumwambia, amemvisha na kitambaa. Lililobaki lilikuwa neno moja tu, tena ndani ya mchezo, na mwenye kulisema alikuwa mtu pekee mjini anayeelewa mchezo ni nini. Namjua dada yangu. Neno lilimfika mdomoni, niliuona mdomo ukilianza. Kisha akamkumbuka shangazi, akamkumbuka yule baba anayekwangua rangi, akakumbuka kwamba watoto wakifika nyumbani husimulia. Alikuwa ameahidi.

"Nilisafiri," alisema tena. "Viatu nilinunua vingine."

Dereva alimtazama kidogo. Hakukasirika. Ningetoa chochote akasirike.

"Haya," alisema. Akavua kofia, akaiweka juu ya boksi.

"Tunarudi?" konda akauliza.

"Basi limeharibika."

Akaenda kukaa mezani, mikono mapajani. Abiria waliendelea kukaa vitini kwa muda, hawajui wamefika au hawajafika.

Alasiri hiyo hiyo dada alinishika mkono tukaenda kwa baba yake Dereva. Tulimkuta kwenye karakana yake, amechuchumaa nyuma ya friji iliyofunguliwa mgongo. Dada akamweleza yote, simu, jirani, viatu chini ya kitanda. Yule bwana akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya mafuta, akalia. Hasira niliyokwenda nayo ikaniishia. Nikabaki namhurumia, na huruma haikumsaidia mtu.

"Nitamwambia, Mwalimu. Naapa. Nipe mpaka Jumapili."

"Niruhusu mimi nimwambie, baba. Hata kesho."

"Hapana. Ni kazi yangu hiyo. Mpaka Jumapili."

Jumatatu dada aliamka mapema kuliko siku zote. Nilimsikia akiimba jikoni, nami nikapata moyo. Aliporudi mchana hakuvua viatu wala hakukaa. Alisimama katikati ya sebule. Alikuwa amemuuliza mtoto habari za nyumbani, kwa kuzungukazunguka, akiamini ameshaambiwa na sasa wataweza kuongea. Na mtoto akamjibu, "Viatu vimetolewa."

Ndicho walichofanya. Walimsikiliza dada yangu neno kwa neno, kisha wakavificha viatu.

Wiki iliyofuata dada alivunja taratibu zake zote. Alianzisha mchezo yeye mwenyewe. Alilipanga basi, akajifunga kile kitambaa, fundo nyuma ya sikio la kushoto, akasimama mlangoni asubuhi nzima. Ahadi ameitupa, kazi kama ni kuipoteza na aipoteze. Watoto wengine walipanda, wakapiga honi, wakashuka, wakapanda tena. Dereva alikuwa mezani. Mwishowe dada akamfuata, akapiga magoti kando ya kiti chake.

"Mama amefika kituoni," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukimuuliza leo, atakujibu vizuri. Nakuahidi."

Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika herufi a, mstari mzima, zimepangika safi.

"Ni mchezo tu," alisema.

Mkuu wa shule alifurahi. Alilichukua daftari lile akawaonyesha walimu wengine. Alimwambia dada, bila ubaya wowote, kwamba yule binti sasa ametulia, na kwamba alijua tu dada akiamua anaweza. Dada alinisimulia hayo akiwa anakunja maboksi ya chumbani kwake na kuyakanyaga yawe bapa. Nilimwambia aache. Alisema hayana kazi. Nilitaka kumfariji na sikupata hata neno moja lisilo la uongo, kwa hiyo nikainama nikamsaidia kukanyaga.

Siku ya kufunga shule nilikwenda kumpokea dada mizigo. Baba yake Dereva alikuwa getini, amevaa shati lililopigwa pasi, binti amemshika kidole. Alimwacha mtoto atangulie kidogo, akamsogelea dada.

"Mwalimu, sikukutimizia neno langu," alisema. "Naona aibu. Lakini nilijiambia, siku atakayoniuliza mwenyewe mama yuko wapi, siku hiyo simfichi kitu. Nangoja aniulize tu. Mpaka leo hajauliza."

Dada alimtazama yule mtoto, aliyekuwa amesimama mbele ya geti akingoja kufunguliwa.

"Hatauliza, baba," alisema, akawafungulia geti.