Redio ya Baba na Kodeki Zako

Kuna siku moja sijaisahau mpaka leo, mwanangu. Imenirudia tangu uliponiambia kompyuta ya nyumbani umeijaza kodeki za kila aina, hizo programu za kuchezea video, sasa zinagombana, picha inaganda sauti inakimbia, na wewe unataka kuzifuta zote kwa mpigo. Ngoja kwanza. Kaa.

Miaka ya sabini tulikuwa Idodi. Baba alikuwa na redio inasikika mpaka tembo wa Ruaha wanasogea kusikiliza taarifa ya habari. Wa kunibishia wameshakufa wote. Mimi nikajifanya fundi. Nikapachika humo vipuli vitatu nilivyookota kwenye redio mbovu: kimoja cha kuvuta stesheni, kimoja cha kukuza sauti, cha tatu sikujua kazi yake, nilikipenda kinavyong'aa. Basi mtangazaji akiongea, nyuma yake vinalia kama fisi kumi wanagombea ngozi.

Na mwezi huohuo baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amelazwa Mbeya, hoi. Simu hatuna. Habari ya mgonjwa ilikuja kwa matangazo ya redio, saa kumi jioni. Kila siku baba anakaa pale, hata kupepesa macho hapepesi.

Siku hiyo saa nane, baba yuko shamba, nikaona nisafishe kabla hajarudi. Nikang'oa kila nilichokiona kigeni. Nikawasha. Kimya. Nikaibeba redio, na vipuli nilivyong'oa, mbio kwa fundi wa kijiji, mzee mmoja aliyehamia kutoka Kalenga. Akamwaga vipuli mezani.

"Kipi ulikikuta, kipi ulikileta?"

Sikujua.

"Ungetoa kimoja, ukawasha, ukasikiliza. Ndipo uguse cha pili. Sasa umeniletea makande, mjukuu wangu."

Akaanza kurudisha kimoja kimoja. Saa kumi ikafika. Baba akatukuta hapo, akasimama mlangoni, kofia mkononi, macho kwenye redio. Bora angenichapa. Kipuli cha mwisho kilipokaa, redio ikafunguka katikati ya maneno: "...habari ziwafikie ndugu wote walioko Idodi." Basi. Likaingia tangazo la watu wengine.

Habari gani? Hatukuisikia. Nyumbani mama akasema basi shemeji amekufa, akaangusha kilio, majirani wakaja na unga, kuni, maharage. Baba akadandia lori kwenda Mbeya kuzika. Mimi nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili.

Siku ya nne lori likasimama. Akashuka baba. Nyuma yake akashuka baba mkubwa, mifupa mitupu lakini anatembea. Kumbe tangazo lilisema karuhusiwa, waende wakamchukue.

Akawatazama waombolezaji, akalitazama sufuria, akasalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene. Nani amekufa?"

Baba akaninyooshea kidole. "Muulize fundi wako."

Baba mkubwa akavuta kigoda, akanawa, akala ugali wa msiba wake mwenyewe, akaomba maharage yaongezwe. Alipomaliza akaniambia polepole, "Wewe umeniua bila hata kunigusa." Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Video zako uzinakili kwanza kwenye flashi, hasa ile ya kipaimara cha mdogo wako, nyingine hatuna. Kompyuta, umeniambia mwenyewe, inaweza kutunza hali yake ya leo ili mambo yakiharibika uirudishe ilivyokuwa. Basi fanya hivyo. Andika kwenye daftari kodeki ulizozileta wewe. Ilizokuja nazo kompyuta usiziguse. Kisha nenda kwenye orodha ya programu, uondoe moja kwa njia yake, si kuingia ndani kufuta mafaili kwa hasira. Moja tu. Zima, washa, jaribu video. Ikicheza, acha hapohapo hata kama mkono unawasha. Isipocheza, ndipo uende ya pili. Na usiifanye kazi hii saa ambayo watu wanakisubiri chombo.

Mungu akutulize mikono, akupe moyo wa kungoja, na kila utakapowasha, ukute maneno tangu mwanzo wake.