Nusu ya Giza, Nzima ya Mbalamwezi

Jumatano, katikati ya mwezi wa tatu. Asubuhi upepo wa ziwa, mawingu yamekaa juu ya milima bila kushuka.

Sijui kama naeleza vizuri. Dawa ya kichwa changu ni kidonge kimoja kila jioni. Kinanituliza, ila kinanilaza fofofo, na alfajiri mitumbwi ikifika wachuuzi wenzangu wananunua ndagala zote, wale samaki wadogo, kabla sijaamka. Basi nikajipangia. Siku za giza, wavuvi wanapotoka na taa, nakikata kwa wembe na kumeza nusu. Mbalamwezi ikiwaka hawavui, nami nameza nzima. Muganga wa kituo cha afya hajui. Simlaumu. Hakuuliza, lakini angeulizaje jambo kama hilo?

Leo tulikuwa tunaanika ndagala mchangani, mimi na wifi yangu. Nyuma yangu mwanamke akasema, "Huyu ameanza tena." Nikageuka. Wanawake waliokuwepo walikuwa mbali, wanaosha mabeseni, wametupa mgongo.

"Nani ameongea?"

"Hakuna mutu, wifi. Minye sijasikia." Akaniangalia. "Dawa, weye unakunywa?"

"Nakunywa."

Haukuwa uongo kamili. Lakini jasho lilinitoka, maana hata mara ya kwanza ugonjwa ulianza hivyo, kwa sauti ndogo, mpaka nikamfungia mwanangu mlango nikidhani si wangu.

Mvua ikashuka. Wote wakakusanya samaki. Mimi nilisimama, nasikiliza kama sauti itarudi.

"Ndagala zako zinaoga," wifi akasema, huku anazizoa pamoja na zake.

Hapo nikamwambia yote, nusu na nzima.

Akasema: "Kumbe mwezi ndiye dokteri yako. Na hana hata koti jeupe." Kisha: "Kesho tunaenda kwa muganga, umwambie weye mwenyewe. Alfajiri minye nitakununulia samaki."

"Na kama wale wanawake waliongea kweli?"

"Basi wameongea. Tunaenda tu."

Labda waliongea, sitaki kuwasingizia. Labda ni kichwa changu. Jioni, ingawa ni siku za giza, sikushika wembe. Hata hapo nilisita: kurudia nzima kabla ya kumuona muganga, si kujipangia tena? Nikafuata ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Ndagala zilizolowa haziuziki. Tumekula hizo hizo, kwa bugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, mwanangu amekaa karibu yangu.