Muuguzi Aliyeing'oa Trei

Wagonjwa walimwita Mama Mapigo, kwa sababu kabla hajakuuliza jino gani linauma alikuwa ameshakushika kifundo cha mkono. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa chumba cha meno, na aliona jambo ambalo daktari wake hakutaka kulisikia. Hata kuchukua chapa ya meno, yaani alama ya umbo lake kwenye uji unaoganda mdomoni, kazi isiyo na sindano wala damu, humpandisha mtu presha. Trei yenye uji mzito ikigusa kaakaa, koo hukataa, pumzi hukatika, moyo hukimbia. Wengi hutulia ikishatoka, ila mwenye presha ya siku nyingi ni wa kuchungwa. Alilisema mara tatu. Akajibiwa kuwa huo ni woga tu.

Asubuhi moja seremala mstaafu aliletwa na binti yake kutengenezewa meno ya bandia. Mama Mapigo akampima presha: mia na themanini na tano kwa mia na kumi. Mzee akakiri dawa zake zilikwisha wiki iliyopita. Muuguzi akaomba aahirishwe. Daktari, foleni imemjaa mlangoni, hakuinua hata macho.

"Kaja kutafuta meno," alisema, "hakuja kutafuta moyo."

Akamlaza mzee chali, akamsukumia trei mdomoni. Mzee akataka kutapika, akashika mikono ya kiti. Mapigo yakaruka kutoka tisini hadi mia na thelathini na nane. Jasho likamtoka, midomo ikawa ya kijivu. Daktari akasema bado dakika moja. Mama Mapigo hakungoja. Aliingiza vidole, akaing'oa trei, akamkalisha mzee wima. Chapa ikaharibika, uji ukamdondokea mzee kifuani.

Daktari alimfokea mbele ya binti wa watu, akamtaka aombe radhi. Hasira zikamfika Mama Mapigo puani. Alijibu bila kupaza sauti.

"Radhi nitamwomba mzee huyu, kwa kuchelewa kuitoa. Wewe sikuombi kitu."

Mzee akatulia baada ya nusu saa, akapelekwa kliniki ya presha. Mama Mapigo yeye akahamishiwa chumba cha kuoshea vyombo, eti kamvunjia mkubwa heshima. Mwezi mzima alisugua trei kama anasugua uso wa mtu. Nyumbani alisaga meno usiku na mchana, mpaka mumewe akamwambia kwa mwendo huo yeye ndiye atakayehitaji ya bandia. Hakucheka.

Aliyemrudisha ni yule binti. Alikwenda kwa mganga mkuu wa hospitali na kukaa ofisini kwake mpaka akasikilizwa. Likatoka agizo: presha kwanza, ikizidi mgonjwa arudi siku nyingine.

Seremala alirudi akiwa na presha nzuri. Safari hii alikaa wima, uji ukawekwa kidogo, Mama Mapigo akimhimiza avute pumzi kwa pua. Chapa ikatoka safi.

"Mapigo ngapi?" daktari aliuliza, macho yakiwa kwenye trei.

"Tisini na sita."

Wanafanya kazi pamoja hadi leo, na Mama Mapigo hajamsamehe.