Kibuyu Nyuma ya Ndoo

Leo napanga upya stoo ya jikoni kwangu Lemara. Unga huku, mchele kule, na rafu ya chini nimeweka kibuyu cha maziwa mgando alichotuletea jana mdogo wangu. Nilipochomoa kizibo, harufu ya moshi ilinirudisha jikoni kwa bibi.

Bibi alikuwa akisugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, kisha anakung'uta majivu. Stoo yake ilinukia ndizi zilizofunikwa gunia ili ziive. Mimi na mdogo wangu tulisimama mlangoni, mikono tumeshanawa. Mimi nilikuwa nimeshaunyoosha mkono wangu nipewe maziwa.

"Wewe kapange vikombe," bibi akaniambia. "Maziwa yanataka mkono mmoja, na mkono wenyewe ni huu." Akamshika mdogo wangu kiganja.

"Lakini bibi, mkubwa si mimi?"

"Maziwa hayaulizi umri, mjukuu wangu."

Nikapanga vikombe kwa kuvigonganisha makusudi. Mdogo wangu alimimina maziwa kibuyuni polepole, ncha ya ulimi imemtoka, na hakuna tone lililomwagika. Nililisubiri hilo tone hadi mwisho.

"Mama!" mwanangu ameniita sasa hivi kutoka mezani. "Maziwa ya mama mdogo bado yapo? Nataka yale yake, siyo yako."

Nimemwambia yameisha. Nimekisukuma kibuyu nyuma ya ndoo ya unga, nikafunga mlango wa stoo.

Bado kinanukia.