Kathini Alingoja Dhiki Ipite

Watu wa Kitengela wana midomo. Wakiona umeolewa miaka mitano na kamba yako ya nguo haina nepi hata moja, washakupa ugonjwa, washakutafutia mganga, na mumeo washamtafutia mke wa pili. Kathini wa Mutinda walimpa yote hayo, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Kathini hakuwa tasa. Alimtaka mtoto kuliko kitu chochote chini ya jua, na kwa sababu alimtaka hivyo, alikataa kumzaa. Ngoja nieleze kabla hujamcheka.

Alizaliwa upande wa Mwala, Ukambani, mwaka wa sitini na tano. Njaa ya themanini na nne ilimkuta msichana wa miaka kumi na tisa. Dada yake mkubwa alikuwa na mtoto wa miezi miwili, na siku moja wakatoka pamoja kwenda kupanga foleni ya mahindi ya msaada, dada na mtoto mgongoni, Kathini mbele na gunia tupu. Maziwa ya dada yalikuwa yamekauka. Mtoto alilia mpaka walipovuka mto, kisha akanyamaza, wakashukuru kwamba amelala. Kwenye foleni, mama mmoja aliinua leso amwangalie mtoto, akairudisha. Dada aliona sura ya yule mama, akaelewa, na hakutoka kwenye foleni. Nyumbani kulikuwa na watu wanangoja kula. Alisimama kwa saa tatu na maiti ya mwanawe mgongoni, akapokea mahindi yake ya manjano, wakarudi kwa ile njia waliyojia. Mtu akiona jambo kama hilo, usimwambie asahau.

Aliolewa na Mutinda mwaka wa tisini na moja. Mutinda alikuwa fundi wa mawe, mwanamume mpole, mwenye maneno machache, anayeweza kukaa siku nzima na watoto wa wenyewe akiwatengenezea magari ya waya. Kazi ilimleta Kitengela, wakati huo maduka machache kando ya barabara ya Namanga, upepo, vumbi, na punda milia wakikatiza ploti za watu bila kuomba ruhusa. Wakajinunulia kipande, wakajenga vyumba viwili. Kathini akapata nafasi ya cherehani yake kwenye veranda ya duka la Istahil, mama Msomali aliyetoka Garissa na mumewe na kufungua duka la vitambaa. Alishona mapazia na sare za shule, na maisha yakaenda vizuri tu.

Mwaka wa tisini na tatu ndipo wakaingia kwa Pastor Elphas.

Elphas alikuwa karani kiwandani kabla ya kuitwa, na hata mahubiri yake yalikuwa ya kikarani: tarehe, mishale, mistari. Alikuwa na shuka kubwa jeupe alilolipaka rangi, akalitundika mbele ya kanisa lake la mabati. Ugomvi wa Wakristo, alisema, si kama Bwana atarudi kuwanyakua walio wake. Ugomvi ni lini. Kuna dhiki kuu ya miaka saba inayokuja juu ya dunia: njaa, vita, mateso. Wako wanaosema unyakuo utakuja kabla ya dhiki, watakatifu wasionje uchungu. Wako wanaosema katikati. "Hao wote wanawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Elphas alisema, akigonga shuka kwa fimbo. "Mshale uko hapa. Baada! Kanisa litapita ndani ya moto, litoke upande wa pili." Na kwa hesabu yake, dhiki ilikuwa imeanza mwaka ule ule, unyakuo ukiwa mwaka wa elfu mbili.

Halafu akafika pale Bwana alipowasikitikia wenye mimba na wanaonyonyesha siku hizo. Alilisoma andiko hilo mara mbili. Wengine kanisani walipiga miayo. Kathini alishikilia benchi kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia maana ya maneno hayo, alikuwa ameshayaona kwa macho yake yakitembea naye barabarani.

Jioni ile alimwambia Mutinda, "Mimi sitazaa mtoto wa kuja kufa mgongoni."

"Miaka saba ni mingi, Kathini."

"Ni saba tu. Tukifika upande wa pili, Mungu hatatunyima."

Sasa, mtu mwenye akili zake atauliza: baada ya unyakuo watu wanazaa? Mutinda hakuuliza. Alimpenda, na alikuwa ameshasimuliwa habari za ile foleni. Alisema sawa. Basi kila baada ya miezi mitatu Kathini akawa anaenda zahanati, kwa nesi anayeitwa Phylis, kudungwa sindano ya kupanga uzazi. Phylis alijaza kadi ya kwanza, akajaza ya pili. Vijana wa steji ya matatu wakambandika jina, Mama Unyakuo, na yeye akapita hapo akiwa ameinua shingo.

Istahil ndiye aliyejaribu. Alikuwa na watoto sita, wa kwanza akiitwa Hamse, na wa saba tumboni. "Kathini, walahi nakuuliza," alisema siku moja akipima kitambaa. "Hiyo siku ikikuja, itanipata na hawa wangu wote. Sasa mimi niwarudishe wapi?"

"Mama Hamse, wewe hujui njaa."

"Mimi? Mtu wa Garissa sijui njaa?" Istahil alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka. "Nimezika wawili. Na bado nilizaa. Mtoto hangoji dunia iwe nzuri, dada. Ingekuwa hivyo hakuna mtu angezaliwa."

Kathini alikanyaga cherehani yake asimsikie. Lakini alisikia.

Dalili nazo hazikumsaidia kubadili mawazo. Mvua ya El Niño ikageuza Kitengela kuwa tope jeusi la kumeza gambuti. Mwaka uliofuata bomu likalipuka Nairobi. Elphas akawa anaongeza nyota nyekundu kwenye shuka lake kila mara. Mwaka wa elfu mbili ukafika. Asubuhi ya kwanza ya mwaka Kathini aliamka, akakuta jua limetoka upande wake wa siku zote na sufuria za jana bado chafu, akaziosha. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Bado! Thelathini na tano bado ni mwanamke! Hata Mutinda alijua, maana alikuja akasimama karibu na karai, akasema, "Sasa?"

Angesema sasa. Alikaribia sana kusema. Lakini alienda kwanza kumwuliza Pastor, na Pastor akamweleza kwamba kalenda ya Warumi ilikosea, kwamba dhiki yenyewe ndiyo inaanza sasa, na tena miaka saba. Na mwaka huo huo ukame ukaja. Wamaasai wakaswaga ng'ombe mifupa mitupu mpaka Nairobi kutafuta nyasi kando ya barabara, na kutoka Bisil hadi Kitengela mizoga ilinuka. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Kathini alirudi kwa Phylis, akakunja mkono wa blauzi.

"Una uhakika?" Phylis aliuliza.

"Dunga."

Mwaka wa elfu mbili na tano Pastor Elphas alialikwa semina ya wachungaji, ya wiki mbili, wakilala hotelini. Alirudi na suti mpya na shuka jipya. Safari hii lilikuwa limechapishwa, lenye rangi za kung'aa. Akalitundika, na kabla hajafungua kinywa Kathini alikuwa ameshaliona. Mshale ulikuwa umehama. Ulikuwa kabla ya dhiki.

"Wapendwa, Bwana amenifunulia zaidi," Elphas alisema. "Bibi arusi wa Kristo hatapita motoni! Tutatoka kwanza! Ile huzuni ya wenye mimba ni ya watakaoachwa, si yetu sisi. Zaeni, mkaijaze nchi!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mke wa Pastor, mbele kabisa, alikuwa na mimba ya miezi sita. Hawakuwa wameanza baada ya semina, basi. Hesabu hiyo hata Kathini aliiweza.

Alimsubiri nje watu walipokwisha kutawanyika. "Pastor," alisema, "na hii miaka yangu kumi na miwili?"

Elphas alimtazama kwa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo maana inaudhi. "Dada Kathini, mimi nilikukataza kuzaa lini? Nilisoma Neno tu. Wewe ndiwe uliamua." Akamwekea mkono begani. "Kwa Mungu hakuna kuchelewa."

Shetani mkubwa! Lakini Kathini hakumtukana. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesema ukweli. Hakumkataza. Alilipaka shuka rangi tu, akasoma, akaenda kwake kulala na mkewe.

Aliacha sindano wiki hiyo hiyo. Alikuwa na miaka arobaini. Mutinda alianza kupiga mluzi asubuhi akichanganya simiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Damu ya mwezi ilichukua karibu mwaka kurudi, ikaja mara tatu, ikaruka, ikaja kidogo, ikakatika. Ilipokosa kuja miezi miwili mfululizo, Kathini alikimbia zahanati. Alikimbia kweli, mwanamke mzima, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Phylis akapima mkojo. Akapima tena kwa sababu Kathini alimwomba.

"Si mimba," alisema.

"Basi ni nini?"

"Tungoje tuone."

Walingoja mwaka mzima na zaidi. Phylis alimtuma hospitali kubwa kupimwa damu, na Jumatano moja ya mwaka wa elfu mbili na saba akafunga mlango wa chumba chake, jambo ambalo hafanyi, akamketisha. Alimwambia kwamba mayai yamekwisha, kwamba wanawake wengine huwahi kuliko wenzao.

"Ni sindano?" Kathini aliuliza.

"Hapana. Usijilaumu kwa sindano. Ni miaka tu, Kathini. Miaka imeenda."

Laiti ingekuwa sindano. Angalau angekuwa na kitu cha kuchukia.

Alikaa na neno hilo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kila alipofungua mdomo kumwambia Mutinda, alimkuta anapiga mluzi. Jumapili wakaenda kanisani, na Elphas, aliyekuwa siku hizo na maikrofoni, akawaita mbele akina mama wote wanaongojea tunda la uzazi. Kathini hakusogea. Mutinda, yule asiyesema, asiyejionyesha, akasimama katikati ya kanisa na kumwangalia mkewe. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Basi akaenda. Afanye nini?

Elphas alimpaka mafuta kwenye paji. "Baba! Adui amelifunga tumbo hili kwa miaka kumi na minne! Lifungue!" Kanisa likasema amina, na ya Mutinda ilizishinda zote. Kathini alifumba macho. Hakumwomba Mungu chochote. Alikuwa anamwona dada yake akinyoosha mikono kupokea mahindi, na kwa mara ya kwanza alimwonea wivu, maana dada yake alikuwa amembeba mtoto miezi miwili.

Mchana, kabla hata hajavua nguo za kanisa, Mutinda alikuwa nyuma ya nyumba na vigingi, nyundo na uzi wa kupimia msingi. "Chumba cha mtoto," alisema. "Futi kumi kwa kumi. Kuja unishikie huku."

Kathini akashika ncha ya uzi. Mutinda akavuta, akaangalia kwa jicho moja, akagongelea kigingi cha kwanza. Wakaenda pembe ya pili. Alikuwa ameshainua nyundo Kathini aliposema.

"Mutinda. Haitawezekana tena. Phylis ameniambia Jumatano. Imekwisha tangu mwaka jana."

Nyundo ilibaki juu. "Jumatano?"

"Jumatano."

"Na leo ukaenda mbele, ukapakwa mafuta?"

"Nilikuona umesimama."

Mutinda aliteremsha mkono polepole. Alitazama kile kipande cha ardhi, futi kumi kwa kumi, kwa muda mrefu, hata Kathini akatamani apige kelele, amtukane, amkumbushe kwamba yeye alisema miaka saba ni mingi. Hakufanya hivyo. Alikuwa mwanamume mpole, na upole una ukatili wake. Akagongelea kigingi cha pili mpaka kikazama.

"Basi chumba tutakipangisha," akasema. "Vuta uzi, umelegea."

Akauvuta. Wakamaliza pembe zote nne.