Mama Alivyompeleka Bibi Harusi Kaisho

Kikao cha mwisho cha harusi ya mdogo wangu kilifanyika sebuleni kwetu Nyabiyonza, na kilikuwa kinaelekea kwisha vizuri mpaka baba mkubwa alipouliza gari la bibi harusi litaendeshwa na nani.

"Na mimi," Mama akasema.

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba yetu, na ndiye anayesimama mahali pake kwenye shughuli zote za ukoo. Hakupandisha sauti. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake asijiaibishe mbele za watu.

"Shemeji, mama mzazi hamsindikizi mwanawe. Anabaki nyumbani."

"Nani alisema?" nikauliza.

Nyumbani wameshanizoea. Nilikuwa hivyo kabla ya chuo kikuu, na chuo kikuu kilinipa tu ujasiri wa kuuliza mbele ya wakubwa.

"Mila ndiyo inayosema, binti."

"Mila ilisema nini kuhusu magari, baba mkubwa?"

Shangazi mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama hakucheka. Alikuwa amekunja mikono mapajani kama anavyoketi kanisani.

"Mtoto huyu kliniki nilimpeleka mgongoni," alisema. "Shule nilimpeleka kwa baiskeli. Kaisho, kwa mumewe, nitampeleka kwa gari."

Baba mkubwa akatoa sharti lake. Sawa, aendeshe. Lakini gari likisumbua hata kidogo kabla ya siku yenyewe, bibi harusi atapanda gari la kwake baba mkubwa, lenye dereva wake, na shemeji atabaki nyumbani bila mjadala.

"Nimekubali," Mama akasema, na kila aliyekuwa sebuleni akasikia.

Ili kuelewa kwa nini alikubali haraka hivyo, ni lazima kumjua Mama na lile gari. Baba alipofariki liliegeshwa chini ya banda, kuku wakaanza kulala juu ya boneti, na ukoo mzima ukasubiri siku ya kuuzwa kwake. Siku hiyo haikufika. Mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye mvi, alianza kwenda Kayanga kujifunza udereva darasa moja na vijana aliowafundisha kusoma. Alirudi na leseni. Vijana wa bodaboda pale njia panda walikuwa wakimwona anakuja wanaruka na pikipiki zao hadi mtaroni kwa mbwembwe, wakipiga kelele, "Pisheni, mwalimu huyo!" Mama aliwapungia mkono na kupita. Baadaye alimbeba mke wa mmoja wao kwenda hospitali kujifungua, na mbwembwe zikaisha. Mimi nimesoma vitabu vingi kuhusu ukombozi wa mwanamke. Sijawahi kusoma kinachoeleza vizuri jinsi Mama anavyorudisha gari nyuma kwenye uwanja wetu mwembamba, shingo ameigeuza, kitenge kimebana, akiongea na kuku.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, gari likagoma.

Ua ulikuwa umejaa. Kina mama wa jirani walikuwa wamekuja tangu asubuhi kumenya ndizi za wageni, wamekaa kwenye majani ya migomba, visu vinakwenda na midomo inakwenda. Mama alitoka na ufunguo ili akachukue viti kanisani. Alibonyeza, milango ikafunguka kwa ule mlio wake wa kawaida. Aliingia, akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka, injini haikushika. Akarudia. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi wa umeme wa magari alikuja kwa pikipiki kutoka Kayanga. Alipima betri, ilikuwa nzima. Akapima hiki na kile, mwishowe akaketi kwenye kiti cha dereva akiitazama ile taa.

"Mama, gari halikutambui."

"Halinitambui mimi?"

"Samahani, halitambui ufunguo wako. Magari haya yana mfumo wa kuzuia wizi. Ukiweka ufunguo, gari linauuliza, wewe ni wangu? Usipojibu, injini haiwaki. Sasa hivi linauliza, halijibiwi."

"Na ufunguo wa pili?" nikauliza.

"Lilitoka Japani na mmoja tu," Mama akajibu.

Fundi alidhani kifaa kinachosoma ufunguo ndani ya gari kimekufa. Mashine ya kuhakikisha hana. Angempigia mwenzake wa Bukoba, lakini huyo asingefika kabla ya wiki inayofuata.

Kufikia hapo habari ilikuwa imeshamfikia baba mkubwa. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," akaitikia, na nikasubiri acheke. Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba gari lake limeshaoshwa na dereva atalala mapema ili kesho awe na nguvu. Mama akaitikia kwa kichwa. Alisimama kando ya mlango wa gari akifuta vumbi kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Shangazi yule wa kukohoa alishika kiuno. "Hapa kuna mkono wa mtu. Gari halikuwa na neno Jumatatu, leo, kuamkia harusi, linakufa? Nileteeni chumvi."

"Shangazi, mtu gani huyo anayeroga injini halafu anaacha milango ifunguke?" nikasema.

Nilisema ili kumnyamazisha. Lakini swali lilipotoka mdomoni niliona ni swali zuri kuliko nilivyokusudia. Kwa nini milango ilikuwa inatii na injini haitii? Nilimgeukia fundi.

"Kinachofungua milango na kinachowasha injini, ni kitu kimoja?"

"Hapana, dada. Milango ni rimoti, ina betri yake. Injini ni chipu, kijiwe kidogo tu, hakina betri. Vinakaa pamoja ndani ya ufunguo lakini kila kimoja na kazi yake."

"Kwa hiyo kimoja kinaweza kuwepo na kingine kisiwepo?"

Fundi aliutazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, nami nikautazama. Ulikuwa unang'aa. Ufunguo niliozoea kuuona mezani kwetu ulikuwa umepasuka pembeni na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu.

"Mama, huu ufunguo umependeza lini?"

Mama aliangalia migomba.

"Mama."

"Nilibadilisha kava," alisema. "Lile la zamani lilikuwa aibu. Nitakwenda Kaisho, niketi na wakwe, nitoe ufunguo uliofungwa mpira kama jembe bovu? Nilinunua kava jipya, nikafungua kwa kisu, nikahamisha kila kitu mwenyewe."

"Kila kitu ulichokiona," fundi akasema polepole. Alipenyeza bisibisi, kava likaachia. Pembeni ya rimoti kulikuwa na kichumba kidogo, kitupu. "Chipu imebaki kwenye kava la zamani. Inajibana pembeni, asiyeijua anaona ni plastiki tu. Kava hilo liko wapi, mama?"

Kwetu takataka za jikoni haziendi shimoni. Maganda, majivu na kilichofagiliwa, vyote vinapelekwa kibanjani, shamba letu la nyumbani, kulisha migomba. Plastiki huwa tunatenga, lakini siku ile Mama alikuwa ameifanya kazi yake juu ya meza ya kumenyea, kava likaanguka kwenye beseni la maganda, naye akalimwaga pamoja nayo. Na sasa, tangu asubuhi, kina mama wale walikuwa wakimwaga maganda ya ndizi za harusi humo humo. Kibanja chetu kinaanzia mlangoni mwa jikoni na kushuka hadi bondeni.

Nilihisi kukata tamaa. Mama, kinyume chake, uso ulimfunguka. Tatizo lilikuwa limehama kutoka ndani ya boneti na kuingia kibanjani, na kibanjani hakuna anayemwambia kitu.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Tangu hapo sijaliwasha gari. Jumanne nilikuwa nalisha migomba ya upande wa zizi. Jana ndiyo nilihamia huku karibu. Njooni."

Watu wakainuka. Nakumbuka ile sauti ya visu kuwekwa chini. Tukashuka upande wa zizi, fundi na suruali yake safi, shangazi na chumvi yake, kina mama na madera yao wameyafunga kiunoni, tukaanza kufukua maganda yaliyoanza kuoza, shina baada ya shina. Jirani yetu mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye hakuna msiba wala harusi Nyabiyonza isiyochekeshwa na utani wake, hakunyamaza.

"Tumemenya ndizi tangu asubuhi, sasa tunamenya shamba! Mwalimu, kesho tutapaka mikono mafuta gani ili wakwe wasijue?"

"Waambie ni hina," akajibiwa.

"Hina inanuka hivi?"

Baba mkubwa naye alikuwa ameweka kofia juu ya nguzo ya zizi, anachokonoa kwa fimbo. Nilimtupia jicho mara kwa mara. Alikuwa mtu pekee pale ambaye chipu isipoonekana mambo yanamwendea alivyotaka, na mimi huwa nawaza namna hiyo: nani ananufaika? Alikuwa kwenye shina la mwisho, peke yake, nikamwona anainama. Aliokota kitu, akakifuta kwenye suruali, akakigeuzageuza. Kingeweza kuingia mfukoni na pasingekuwa na shahidi ila mimi.

"Shemeji," akaita. "Si ndicho hiki?"

Kava lilikuwa na ule mpira wake wa tyubu. Fundi alilipasua, na ndani, imejibana kwenye kona, ilikuwepo chipu, nyeusi, ndogo kuliko punje ya harage. Tulipanda wote hadi uani. Fundi akataka kuirudisha ndani ya kava jipya, Mama akamwambia ampe, ataiweka mwenyewe, safari hii anaona anachohamisha. Akaiweka. Akaingia garini bila kunawa mikono. Taa nyekundu iliwaka, ikazimika na kubaki imezimika, na injini ikashika mara moja.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi barabarani. Mdogo wangu, ambaye alifungiwa chumbani na mashangazi tangu asubuhi, alitoka mbio na kichwa kimejaa vibanio, akarudishwa ndani kwa mabavu.

Lakini Mama alizima injini, akashuka, akasimama mbele ya baba mkubwa. Kulikuwa na sharti, naye alilikubali mbele za watu.

"Limesumbua," baba mkubwa akasema.

"Limesumbua," Mama akakiri.

"Halikusumbua." Baba mkubwa akavaa kofia yake. "Aliyesumbua ni dereva. Na sharti sikuliweka kwa dereva." Alisubiri kicheko kipite. "Kesho mimi nakaa mbele. Na hilo kava, shemeji, nakuomba usiliguse tena."

Nimebishana na mzee huyo tangu nilipojua kusema, na nitaendelea kubishana naye. Siku ile nilijivunia kuwa wa ukoo wake.

Jumamosi Mama aliendesha. Alivaa raba kwa ajili ya pedali, viatu vyake vya harusi vikiwa chini ya kiti cha nyuma nilikoketi, shela la mdogo wangu likinijaa usoni. Mvua ilikuwa imepita, barabara ilikuwa inateleza kwenye miteremko. Kila tulipoteremka nilimwona baba mkubwa akikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. Tulipofika tambarare alishusha pumzi na kuuliza kwa heshima kabisa kama shemeji angependa maji. Shemeji alisema asante, dereva hanywi akiwa njiani.

Kaisho walitupokea kwa ngoma. Kijana aliyekuwa anapanga magari alimwonyesha Mama pa kuegesha bila kumtazama usoni. Ibada ilikwenda vizuri, bwana harusi akalia kuliko bibi harusi, tukahamia chini ya turubai.

Kabla ya chakula cha wageni, mshereheshaji alitangaza kwamba madereva wameandaliwa chao nyuma ya nyumba, wakale mapema kwa sababu ya safari. Dakika hiyo hiyo mama wawili wa upande wa bwana harusi walikuja kumchukua Mama wampeleke meza ya wazazi.

"Ngojeni," Mama aliwaambia. "Madereva tumeitwa."

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Madereva walikuwa kwenye benchi refu, sahani za ndizi na nyama magotini. Mmoja alisimama haraka.

"Mama, umepotea. Wazazi ni kule mbele."

"Sijapotea. Mimi ndiye niliyemleta bibi harusi."

Yule bwana alimtazama, akatazama raba zenye tope alizokuwa hajazivua, akasogea kumpa nafasi. Mama akaketi, akapewa sahani.

"Mmepita njia gani?" dereva akauliza. "Ule mteremko wa mwisho, na utelezi huu, mmeushukaje?"

"Nimeushuka kwa gia ndogo," Mama akasema, na wakaanza kuzungumza habari za barabara.

Huko mbele kipaza sauti kilikuwa kinamtafuta. Mama mzazi wa bibi harusi anaombwa meza kuu. Mama mzazi, tafadhali. Nilikuwa nageuka kwenda kusema niliposikia sauti ya baba mkubwa ikitoka kwenye kile kipaza sauti, nzito, isiyo na haraka.

"Mama mzazi yuko na madereva wenzake," alisema. "Akishakula atakuja."