Herufi ya Kwanza ya Upanga

Nimefundisha watu kusoma kwa miaka mingi, na herufi ninayoiheshimu kuliko zote ni u. Mtu akiniambia nimezidisha, najua hakuwepo siku ile.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati nchi nzima ilikuwa darasani. Nilikuwa nimeolewa kijiji kilekile nilichozaliwa, juu mgongoni mwa mlima, njia ya kwenda Mtae, na nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri. Wanafunzi wangu walikuwa watu ambao niliwaamkia shikamoo mlangoni, kisha nikawaambia wakae chini waache porojo. Mmoja wao alikuwa bibi yangu mzaa baba, aliyenilea tangu naota meno. Nyumbani aliniita mjukuu na kunituma maji. Akivuka kizingiti cha darasa aliniita Mwalimu, na hakukosea hata mara moja. Alisema amechoka kusomewa. Kila tangazo lililobandikwa ofisini alilisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na midomo ya watu alikuwa anaijua.

Herufi u ilimtesa. Aliichora kama kikombe kilichoinama, nami nikamrudisha, akaichora tena. Ilimchukua wiki nzima. Nilimwambia, kwa ule ukali wa mwalimu mpya, kwamba herufi haidharauliwi hata moja.

Bibi alikuwa na upanga. Sisemi panga la kukatia migomba, hilo kila nyumba ilikuwa nalo. Huu ulikuwa upanga hasa, wenye makali mawili, ulioachwa na babu yake babu. Ulikaa darini juu ya jiko, ndani ya ala ya ngozi iliyokaushwa na moshi, na ulishuka kwa jambo moja tu. Mtoto akizaliwa nyumbani mwetu, ulilazwa juu ya mlango wa chumba chake mpaka kitovu kidondoke. Sijui kama nyumba nyingine walifanya hivyo. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alizaliwa chini yake, na mimi pia. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na ningejifungulia kwa bibi, ambaye alikwisha kuanza kuupaka upanga samli ambayo mimi nilinyimwa kwenye ugali.

Ndipo likaja tangazo. Huko bondeni watu wawili walikuwa wamekatana kwenye kilabu cha boha, pombe yetu ya miwa, na wilayani wakaamka. Karatasi ilibandikwa ofisi ya kijiji, imeandikwa kwa mkono mzuri wenye kulala upande: panga zote ziletwe hapa siku ya Jumatano, zikaguliwe na kuandikwa, atakayekutwa ameficha, atanyang'anywa na kushtakiwa.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliisoma kwa sauti, kisha akaieleza kwa Kishambaa ili asibaki mtu na kisingizio. Serikali inataka mapanga. Yote. Watu waliguna, lakini waliitika. Hata mimi mwalimu niliitikia. Kiswahili tulijifunzia shuleni na mkutanoni, na kwetu panga lilikuwa moja tu, lile la kufyekea.

Jumatano asubuhi niliona kitu ambacho sijakiona tena. Watu walishuka kutoka kila kilima, kila mmoja na panga lake, wakayaweka kwenye nyasi mbele ya ofisi. Rundo likapanda mpaka usawa wa kiuno changu. Kulikuwa na mapanga mapya yenye mpini wa mbao nyekundu, na mengine yaliyonolewa miaka mingi hadi yakabaki membamba kama visu vya kukatia mboga. Jua lilipokipiga kile chuma tulirudi nyuma hatua moja. Tuliogopa kidogo, nadhani, kuona kwamba hivi ndivyo vitu tunavyotembea navyo kila siku tukienda kukata majani ya ng'ombe. Na niliona fahari pia, siwezi kukataa.

Bibi aliweka panga lake la jikoni juu ya rundo. Upanga aliuacha darini. Hakuuficha, haukuitwa.

Bwana wa wilayani alifika na Landrover karibu saa tano. Alikuwa kijana wa pwani, mpole, mwenye kofia. Alishuka, akaliona rundo, akasimama akiwa ameshika mlango wa gari. Hakucheka, na kwa hilo bado namshukuru. Alituomba radhi, akaeleza kwamba kosa ni lake. Kwao upanga ni mmoja, na zikiwa nyingi huitwa panga. Haya ya kulimia huitwa mapanga, na angeyataka angeandika mapanga yote yaletwe. Alichotaka ni panga za vita. Wazee walitazamana. Tulikuwa tumeitikia barua isiyotuhusu.

Akaagiza kila mtu achukue chake, nami niketi mezani niandike jina la mtu, kitu alicholeta na idadi, asije akarudi wilayani na daftari tupu. Kisha akauliza kama yupo mwenye upanga.

Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilitazama miguu yake. Nilipoinua macho, bibi hakuwepo tena pale alipokuwa amesimama. Nikajua amekwenda kuuficha, na moyo ukatulia.

Niliandika jina baada ya jina: panga, moja, panga, moja. Yule bwana alikuwa amejitenga kando ya gari, anazungumza na balozi. Zamu ikafika ya mtu aliyebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye khanga, na harufu ya moshi na samli ikanifikia kabla sijamtazama usoni. Alikuwa bibi. Alikuwa ameupitisha katikati ya watu wote, mchana kweupe.

Sikufikiri. Mtoto alinipiga teke tumboni, nikaandika haraka jina la bibi, na mbele yake: panga, moja. Nikamnong'oneza arudi nyumbani nao, basi yameisha.

Hakuondoka. Aliinama juu ya daftari, akaweka kidole chini ya neno nililoandika, akalisoma polepole kama alivyosoma darasani, pa, nga. Alilirudia. Kisha akasema, kwa sauti ya darasani, ambayo haikuwa ndogo:

"Mwalimu, hapa pamepungua herufi."

Nilimwomba kwa macho anyamaze. Nikamwambia chinichini kwamba watauchukua, na mtoto atazaliwa bila kitu mlangoni.

"Niliisotea u wiki nzima," akasema. "Uliniambia haidharauliwi. Leo unaniambia haina kazi?"

Niliona aibu niliyokuwa sijawahi kuiona, na nikamwogopa bibi yangu, mwanamke ambaye jana yake nilimsaidia kuvuka mfereji. Yule bwana alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja, akamwamkia shikamoo, bibi akamwitikia marahaba bila kuondoa kidole kwenye daftari. Akaomba auone. Bibi akafungua khanga. Kijana akauchomoa kutoka kwenye ala, akaulaza juu ya viganja vyake viwili. Chuma kilikuwa cheusi kwa moshi, isipokuwa makali.

Akamweleza kwa adabu. Upanga uliokaa nyumbani kwa mila na ukaandikwa, hauna neno. Ulioandikwa jina jingine ni uliofichwa, na uliofichwa angeuchukua leo hii. Kilichokatazwa ni kutembea nao barabarani bila sababu halali. Sasa, bibi, umetembea nao kwa sababu gani?

"Wewe uliniita," akasema bibi.

Kijana alivua kofia. Akakubali kwamba ni kweli, sababu ni yeye. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Akauliza arudi nao kwa sababu gani, maana wito umekwisha na njia ni ileile. Balozi akaanza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Bwana wa wilayani alichana karatasi kwenye daftari, akaandika yeye mwenyewe kwamba mzee huyu anaruhusiwa kuchukua upanga mmoja kutoka ofisini hadi nyumbani kwake, leo. Akatia sahihi. Kisha akanigeukia nisahihishe daftari. Nilishika kalamu, nikautafuta mstari wake. Bibi akaitoa kalamu kwenye vidole vyangu. Alivuta pumzi kama mtu anayeinua mzigo, na mwanzoni mwa neno langu akaandika u. Iliinama kidogo, kama kikombe kinachotaka kumwagika. Ilikuwa herufi yake ya kwanza nje ya darasa, na ndiyo iliyotuachia upanga wetu.

Miezi miwili baadaye binti yangu alizaliwa chini yake.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni njia ya kurudi. Kilima ni kikali, na bibi alikuwa anahema. Nilimwomba anipe upanga nimsaidie kuubeba. Akasimama, akatoa ile karatasi kifuani, akaikunjua na kuisoma tena, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Wewe humu hutajwi," akasema.

Akaikunja, akaurudisha upanga begani, akapanda. Nilimfuata nyuma na mikono mitupu.